Amsterdam karibu, Kinshasa mbali

Jumatano ya tarehe 18 Desemba 2013, watu wa Kisongo waliona kitu ambacho hawajakizoea: Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, ndege ya abiria zaidi ya 200, ikishuka kwenye kiwanja chao. Kiwanja cha Arusha ni cha ndege ndogo, zile zinazopeleka watalii Seronera na Zanzibar, na wakati huo njia yake ya kurukia ilikuwa na urefu wa mita zipatazo 1,600 tu. Ndege ile ilikuwa inakwenda KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, kilomita 50 hivi upande wa mashariki, kwenye njia ya mita 3,600. Viwanja vyote viwili vimelala mashariki kwa magharibi, na marubani walipoiona lami mbele yao wakashuka. Ndege iliishia kwenye nyasi. Hakuna aliyeumia, ila abiria walikaa ndani kwa saa kadhaa, kwa kuwa Kisongo hapakuwa na ngazi ya kuifikia milango ya ndege kubwa namna ile. Siku chache baadaye ilipunguzwa uzito, ikaruka, ikaondoka zake.

Dunia ilicheka. Lakini kama ndani ya ndege ile alikuwamo mtu wa Sakina, mtaa wetu wa Arusha, basi huyo alikuwa ameletwa jirani na kwake kuliko abiria mwingine yeyote wa ndege kubwa kabla yake. Kutoka Kisongo hadi Sakina ni safari ya bodaboda. Kutoka KIA ni habari nyingine kabisa.

Nani basi aliyeamua kwamba ndege kubwa zitue kule? Kwanza ni mlima. Jiji la Arusha limekaa kwenye miguu ya Meru, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na ndege kubwa iliyojaa mafuta inahitaji njia ndefu zaidi ili ipate kasi ya kuondoka ardhini. KIA iko chini, tambarare, kwenye mita 890 hivi. Pili ni siasa na biashara ya wakati wake. Uwanja ulifunguliwa Desemba 1971, na lengo halikufichwa: mtalii wa Serengeti na Kilimanjaro ashukie Tanzania moja kwa moja badala ya kupitia Nairobi na kuacha fedha zake huko. Ukawekwa katikati ya Arusha na Moshi, usiwe wa mji huu wala ule.

Sasa tupime. Ukichukua tufe la dunia, ukavuta uzi kutoka KIA hadi Schiphol, uwanja wa Amsterdam, na kuukaza, utapata kilomita 6,900 hivi. Ndege ya moja kwa moja kutoka Amsterdam kuja KIA hutumia saa nane na nusu, wakati mwingine zaidi kidogo. Gawanya, utaona wastani wa kilomita 800 na ushei kwa saa, ingawa ikiwa angani juu kabisa hukaribia 900. Tofauti inaliwa na kupanda, kushuka, kuzunguka kusubiri zamu na kutambaa uwanjani, maana muda unaoandikwa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka maegeshoni hadi inaposimama tena, na upepo nao una sehemu yake.

Safari hii ina bahati moja ambayo wasafiri wengi hawaitambui. Amsterdam iko kaskazini yetu, ikipinda kidogo tu kwenda magharibi. Unavuka sehemu kubwa ya Ulaya na nusu ya Afrika, lakini saa ya mkononi unairudisha nyuma saa mbili wakati wa baridi yao, na saa moja tu wakati wa kiangazi. Mwili hausumbuki. Mlinganishe na anayekwenda kwa ndugu zetu wa Marekani. Arusha ina uhusiano wa miji dada na Durham ya North Carolina na Kansas City ya Missouri. Ya kwanza iko kilomita zaidi ya 12,500 kutoka hapa kwa uzi ule ule, ya pili karibu 13,700, na hakuna ndege inayotoka KIA kwenda kokote kati ya hizo bila kubadilisha njiani. Aliyefika Kansas City anakuta saa zimerudi nyuma kwa 8 au 9 kutegemea majira. Wiki ya kwanza anaamka usiku wa manane akitaka chai.

Uzi kwenye tufe, hata hivyo, haujui vita. Tangu tarehe 15 Aprili 2023, mapigano yalipoanza Khartoum, anga ya Sudan ilifungwa kwa ndege za abiria, na Sudan ndiyo iliyokuwa njia kuu ya ndege zinazoshuka kutoka Misri kuja Afrika Mashariki. Ndege zikaanza kupinda, hizi mashariki kupitia Bahari ya Shamu, zile magharibi juu ya Chadi. Libya nayo mashirika mengi yalikuwa yakiikwepa tangu kabla ya hapo. Kwa hiyo abiria anayetazama ramani kwenye kioo cha kiti na kuona mstari umejikunja asidhani rubani amepotea.

Kurudi kuna kichekesho chake. Kwa miaka mingi utaratibu wa KLM, shirika la Uholanzi, umekuwa huu: ndege inatoka Amsterdam asubuhi, inateremsha watu KIA jioni, inaendelea hadi Dar es Salaam, na kutoka Dar inarudi Ulaya usiku kucha. Maana yake, mtu wa Arusha anayekwenda Amsterdam anapanda KIA, na ndege inaanza kwa kumpeleka kusini-mashariki, kilomita 450 hivi, kumkimbiza kule asikokwenda. Dar anakaa kitini akisubiri wenzake wapande. Kutoka pale zimebaki kilomita zaidi ya 7,300. Wale watalii walioletwa KIA na ndege hiyo hiyo walitumia saa nane na nusu, yeye anakwenda usiku mzima na robo ya jioni. Tiketi ni ya shirika lile lile na viti ni vile vile. Tofauti ni nani ndege ilikuja kumfuata.

Nasema hivyo bila kinyongo, ndivyo biashara ilivyo. Ndege kubwa haiji KIA kwa sababu Sakina ina watu wenye watoto Uholanzi. Inaletwa na mtu mwenye viatu vya kupandia mlima, aliyelipia siku zake za Machame au Marangu mwaka mmoja kabla. Sisi tunapata viti vinavyobaki, na tunashukuru kwamba vipo.

Lakini hebu tuanzie pale safari inapoanzia kweli, nyumbani. Chukua jioni yoyote pale Sakina kwa Idd, mahali ambapo barabara ya Nairobi haitulii hata dakika moja. Dukani kuna mizani ya kupimia nafaka, ya kuning'iniza, na mama mmoja amekuja na begi la binti yake. Kilo 23 ndiyo ruhusa. Mwenye duka ananing'iniza, sindano inatetemeka, inasimama 26. Mama anafungua zipu hapo hapo barazani, anatoa mfuko wa unga wa dona, anapima tena: 24. Binti anasema, "Mama, hata huko unga upo." Mama hamjibu. Anatoa viatu vya binti, anarudisha unga. Wanaondoka na 23 na nusu, mwenye duka akisema hiyo nusu wataisamehe, kama mtu aliyewahi kukaa kaunta ya KIA.

Kisha barabara. Kabla ya upanuzi, kutoka Sakina hadi KIA kulikuwa na kero moja kubwa, nayo ni kulivuka jiji: Mianzini, Sanawari, Kwa Mrefu, Ngulelo, kila kituo na kifodi chake kimesimama katikati ya njia. Sasa barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 14 na kidogo, imelainisha mambo, na baipasi ya kilomita 42 inayotokea upande wa Ngaramtoni na kuzunguka kusini mwa jiji hadi Usa River inamruhusu dereva mjanja asiione Arusha kabisa. Hata hivyo, baada ya Usa River kuna Maji ya Chai, kuna Kikatiti, kuna malori ya kwenda Dar, kuna matuta, na kuna askari wenye tochi za kupima mwendo. Mwenye akili hutenga saa mbili. Ongeza saa tatu za kufika mapema uwanjani. Hizo ni saa tano kabla gurudumu halijaacha lami, zaidi ya nusu ya zile saa nane na nusu za kutoka Amsterdam, na bado unauona Meru.

Kuna mtego mwingine ambao mashirika hayautangazi, nao ni wa tarehe. Tiketi ikiandika saa 00:40 ya tarehe 15, kwetu hiyo ni saa sita na dakika arobaini ya usiku wa tarehe 14. Familia inasikia "tarehe kumi na tano, usiku", inafanya sherehe ya kuaga jioni ya tarehe 15, inafika uwanjani na maua na babu wa ukoo, na ndege ina karibu siku nzima tangu iondoke. Wenye ofisi za tiketi mjini wamejifunza kuandika kwa kalamu pembeni: "Uwe uwanjani tarehe 14 saa tatu usiku."

Na hata hapo hatujafika mwanzo. Mtanzania anayekwenda Uholanzi anahitaji viza ya Schengen, na maombi yake kwa kawaida hushughulikiwa Dar es Salaam, mwombaji akienda mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Kutoka Arusha hadi Dar kwa barabara, kupitia Moshi, Same, Korogwe, Segera na Chalinze, ni zaidi ya kilomita 600. Kwa basi lenye ukomo wa kilomita 80 kwa saa, hiyo ni kutwa nzima. Kwenda na kurudi, zaidi ya kilomita 1,200 za barabara ili kuomba ruhusa ya kwenda kilomita 6,900 za anga. Mholanzi anayekuja kupanda mlima analipia viza yake kwa simu akiwa sebuleni kwake. Ukitaka kujua kwa nini njia ile ile ina urefu wa aina mbili, anza hapo.

Ndiyo maana watu wengi wa upande wetu huu wa jiji hawaendi KIA kabisa. Sakina iko kwenye barabara ya Namanga. Gari la Nairobi linapita mlangoni. Hadi mpakani ni kilomita 110 hivi, na hadi Nairobi jumla kama 270, saa tano kukiwa hakuna foleni, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi Desemba 2018 unagongewa mihuri yote miwili chini ya paa moja. Kwa ndege, KIA hadi Nairobi ni kilomita zisizofika 240, chini ya saa moja angani. Lakini jumlisha saa mbili za kwenda KIA na saa za kusubiri, halafu unatua Jomo Kenyatta ukiwa umelipa mara kadhaa ya nauli ya kosta. Kwa mkazi wa Sakina, ndege ya Nairobi ni ya polepole kuliko gari. Na akishafika Nairobi, uchaguzi wa ndege za Ulaya ni mpana na bei mara nyingi ni nafuu, kwa sababu zinazogombea abiria ni nyingi.

Binadamu si peke yake aliyegundua hilo. Waridi zinazolimwa kwenye miteremko ya Meru, na maharage machanga na mboga nyingine za kuuzwa nje, kwa sehemu kubwa zimekuwa zikienda Ulaya kwa njia hiyo hiyo: malori yenye majokofu yanapita barabara ya Sakina, yanavuka Namanga, yanapakuliwa Jomo Kenyatta, na mzigo unaingia kwenye ndege ya Amsterdam, ambako mnada wa Aalsmeer ni wa kutupa jiwe kutoka Schiphol. Ua likikatwa lina siku chache tu za kuuzika, na linataka baridi ya nyuzi chache juu ya sifuri mwanzo hadi mwisho. Lina haraka kuliko abiria yeyote, na bado linasafiri kilomita 270 kwenda kwenye ndege huku kuna uwanja wenye njia ya mita 3,600 kilomita 50 kutoka shambani. Sababu ni ile ile ya viti. Nairobi ina ndege za mizigo kila siku kwa kuwa maua ya Naivasha yalizileta, na ndege ya mizigo haipendi kuja kuchukua nusu tumbo. Wakulima wa huku wamelilalamikia hilo kwa miaka. Juni 2023 Air Tanzania ilipokea ndege yake ya kwanza ya mizigo, Boeing 767, na matumaini yakapanda, ingawa ndege moja ni ndege moja.

Wenye umri wanakumbuka wakati hata njia hiyo ya Nairobi haikupitika. Mwishoni mwa Januari 1977 ndege za East African Airways zilisimama, mapema Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na Machi mwaka huo Air Tanzania ikaundwa. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilikufa. Mpaka ulifungwa hadi Novemba 1983. Kwa karibu miaka saba, Nairobi, ambayo mtu wa Sakina anaifikia leo kabla ya chakula cha mchana, ilikuwa mbali kuliko Amsterdam kwa maana halisi ya neno: barabara ilikuwapo, kilomita zilikuwa zile zile, ila hukuruhusiwa kupita. Hoteli za Arusha zilizozoea watalii wanaoletwa na magari ya Nairobi zilikaa na vyumba vitupu.

Ukirudi nyuma zaidi, mambo yanageuka tena. Mwaka 1932 Imperial Airways ya Uingereza ilifungua njia ya London hadi Cape Town, safari ya siku 11, ikitua kituo baada ya kituo kutwa na kulala chini kila usiku. Moshi ilikuwa kituo kimojawapo, kati ya Nairobi na Dodoma. Abiria wa siku zile alifika amechoka kweli kweli, lakini alikuwa na kitu ambacho wa leo hana: njia moja iliyomuunganisha na Kisumu, Juba, Dodoma, Mbeya na Salisbury bila kutoka nje ya bara.

Hapo ndipo jambo hili linaponikera, nami sioni haya kusema. Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wanachama ni wanane. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia mwaka 2022, Somalia ikakamilisha taratibu Machi 2024. Mogadishu iko kilomita 1,100 tu kutoka KIA kwa uzi wa tufe, Juba vivyo hivyo, Kinshasa kama 2,400. Kwa mwendo wa ndege ya kawaida, Kinshasa ni saa tatu na kidogo. Lakini mjumbe anayetoka huko kuja kikaoni Arusha hana ndege ya moja kwa moja. Njia moja anayoweza kushika ni ya kuunganisha ndege Addis Ababa: karibu kilomita 3,000 kwenda kaskazini-mashariki, asubiri, kisha 1,400 kushuka kusini hadi KIA. Jumla 4,400 kwa safari ya 2,400. Akikosa ile ya kwanza, anaweza kulala njiani. Mtalii wa Amsterdam, aliyeko mbali mara tatu, ameshaoga na kula hotelini kwake.

Na Mwanza? Kutoka Kisongo hadi uwanja wa Mwanza ni kama kilomita 420 za anga. Katikati kuna Ngorongoro na Serengeti, na barabara ya lami haikatizi hifadhi. Serikali ilipotaka kuijenga barabara kuu upande wa kaskazini wa Serengeti, shauri lilipelekwa Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo iko hapa hapa Arusha, na Juni 2014 ikaamua kwamba kujenga barabara ya lami ndani ya hifadhi kungekiuka Mkataba wa Jumuiya. Naunga mkono uamuzi ule. Nyumbu hawana njia nyingine. Ila gharama yake ijulikane inabebwa na nani. Ukiondoa magari yanayoingia getini na kulipa ada za hifadhi, msafiri wa Arusha kwenda Mwanza anazunguka kusini: Babati, Singida, Nzega, Shinyanga, zaidi ya kilomita 700. Anatoka Sakina kabla ya adhana ya alfajiri kuwahi stendi, anaingia Mwanza usiku, miguu imevimba, na kesho yake ana msiba wa kuhudhuria au mtoto wa kumpeleka shule. Nauli yake ni sehemu ndogo sana ya tiketi ya Ulaya. Saa zake barabarani ni nyingi kuliko za kutoka Amsterdam hadi KIA.